Kuomba data na sampuli za UK Biobank ukiwa Dar: tuanzie wapi?

Sukari_Mtafiti

Wakuu, salaam. Tuko watatu chuoni hapa Dar, tunaandaa utafiti wa kisukari aina ya pili kwa watu wenye asili ya Afrika, na tunataka kutumia UK Biobank, ile hifadhi kubwa ya data na sampuli za afya. Tunajua ina washiriki wapatao 500,000 waliosajiliwa Uingereza kati ya 2006 na 2010 wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 69, na kwamba mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuomba. Tunapokwama ni hapa:

1. Maombi yanapita wapi, anasaini nani, na ada kwa nchi zetu ikoje?
2. Mwenzetu anashauri tuombe na damu yenyewe, tupime kiashiria kimoja ambacho hakimo kwenye data. Wanaweza kutuletea?
3. Mpango ni kumhesabu mwenye HbA1c (kipimo cha sukari iliyoshikana na hemoglobini) ya 48 mmol/mol au zaidi kuwa ana kisukari, na aliye chini ya hapo kuwa hana. Kuna shida?

Kompyuta yetu bora ina RAM ya GB 16, na intaneti ni hii hii ya chuo. Natanguliza shukrani.

Karani_wa_Vibali

Nijibu la kwanza, mengine yana wenyewe.

Kila mmoja wenu afungue akaunti yake kwenye mfumo wao wa maombi, AMS, kwa barua pepe ya chuo. Ukitumia ya Gmail unajichelewesha bure, maana wanachothibitisha ni kwamba wewe ni mtafiti wa kweli na taasisi yako ipo. Wekeni wasifu na machapisho. Mtafiti mkuu awe mhadhiri mwenye rekodi inayoonekana, na wanafunzi waingie kama washirika chini yake.

Fomu si ndefu. Inataka swali la utafiti, mbinu, muda, aina ya data mnayohitaji, na maelezo mafupi kwa lugha ya mtu wa kawaida ambayo huwekwa hadharani. Pa kutuliza kichwa ni upana wa swali. Ukiandika "uhusiano wa vinasaba na magonjwa mbalimbali" utaulizwa magonjwa gani. Ukibana mno, siku mkitaka kuangalia figo mtarudi kuomba mradi upanuliwe. Andikeni "kisukari aina ya pili, vipimo vya sukari, na madhara yake kwenye figo, macho na moyo", itawatosha.

Ada imekuwa ya madaraja matatu kwa miaka 3: pauni 3,000, 6,000 na 9,000, kutegemea aina ya data mnayoomba. Wanafunzi na watafiti wa nchi za kipato cha chini na cha kati wamekuwa wakipewa punguzo kubwa, pauni 500. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo kiasi cha kuweka kwenye bajeti kichukueni kwenye ukurasa wao wa ada wiki hiyo hiyo mnayoomba, msinakili kwenye makala ya mtu.

Mkikubaliwa unakuja mkataba, MTA, yaani Material Transfer Agreement, mkataba wa kuhamisha sampuli. Wanauita hivyo hata kama hamchukui tone la damu. Anayesaini ni yule mwenye mamlaka ya kuifunga taasisi kisheria. Mtafiti mkuu hasaini kwa niaba ya chuo, na mkuu wa idara naye hasaini. Kwenye vyuo vyetu karatasi hulala hapo, kwa hiyo mpelekeeni mwanasheria wa chuo nakala ya mkataba siku ile ile mnayowasilisha maombi, msingoje jibu. Atauliza kuhusu vipengele hivi: data haipewi mtu asiye kwenye mradi, ni marufuku kujaribu kumtambua mshiriki, matokeo lazima yatangazwe hata yakiwa hayafurahishi, na vigezo vipya mtakavyovizalisha vinarudishwa UK Biobank ili wengine watumie.

Kuhusu maadili, wao wana kibali cha jumla cha benki ya tishu, na mradi uliokubaliwa ndani ya masharti yake hauhitaji kibali kingine cha Uingereza. Hilo haliwaondolei wajibu wa hapa. Pelekeni kwenye kamati ya chuo mkiambatisha barua ya kukubaliwa, na muombe mapitio ya haraka kwa kuwa data haina majina.

Friza_80

La pili: mwambieni mwenzenu asahau damu, angalau kwa sasa.

Data ikitumiwa na watu elfu inabaki ile ile, lakini plazma ikichukuliwa mikrolita 50 zimeondoka. Kila mshiriki alitoa kama mililita 45 za damu, pamoja na mkojo, na hiyo ndiyo iliyogawanywa kwenye vichupo vilivyoko kwenye friza ya roboti ya nyuzi 80 chini ya sifuri, huku akiba ikiwa kwenye naitrojeni ya maji mahali pengine. Kwa hiyo msimamo wao umekuwa kupima kundi kubwa kwa pamoja, maabara moja, mashine moja, kisha matokeo yawe ya watafiti wote. Maombi ya "tuleteeni sampuli 500" yanashindana na kazi za namna hiyo. Mtaulizwa ni kwa nini kipimo hicho kisifanywe kwa damu nyingine yoyote, na jibu la kweli mara nyingi ni kwamba kinaweza.

Kabla ya hapo hakikisheni kiashiria chenu hakipo kweli. Kuna vipimo vya kemia ya damu zaidi ya 30 kwa karibu kundi zima, kuna metaboliti (kemikali ndogo za damu) zilizopimwa kwa mbinu ya NMR, na mwaka 2023 zilitoka protini zaidi ya 2,900 za mfumo wa Olink kwa watu zaidi ya 54,000. Tafuteni kwenye Showcase, orodha yao ya data iliyo wazi kwa kila mtu bila akaunti. Tafuteni kwa jina la jeni pia, maana protini nyingi zimeandikwa hivyo.

Jambo jingine ni historia ya sampuli yenyewe. Damu ya mirija ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) ilisafirishwa ikiwa imepozwa nyuzi 4 hadi maabara kuu na kushughulikiwa siku iliyofuata, kwa kawaida saa 24 hivi baada ya kutolewa. DNA haijali. Lakini kiashiria kinachovujishwa na chembe zinapokaa na plazma, au kinachooza haraka, kitakupa namba inayopima safari badala ya ugonjwa. Hata friza iwe nzuri vipi, saa hizo 24 hazirudi.

Nasaba

La tatu ndilo linaloweza kuua utafiti wenu, na wala halihusiani na maombi.

HbA1c inapima sukari iliyojishika kwenye hemoglobini katika maisha ya chembe nyekundu, takriban siku 120. Chembe zikifa mapema, sukari haipati muda wa kujishika, na namba inashuka hata kama sukari ya damu iko palepale. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, unafanya hivyo hasa. Kibadala cha jeni hiyo, rs1050828, kilichoko kromosomu X, ni cha kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Utafiti uliochapishwa 2017 uliona kwamba Wamarekani Weusi wanaume wenye kibadala hicho husoma HbA1c pungufu kwa takriban pointi 0.8 za asilimia, yaani karibu 9 mmol/mol. Sasa piga hesabu: mwanamume aliyestahili kusoma 54 anasoma 45. Kwenye mpango wenu anaingia kundi la wasio na kisukari. Mkikimbiza uchambuzi wa jenomu nzima juu ya HbA1c, kilele cha kwanza kitakachowapungia mkono kitakuwa G6PD, nanyi mtadhani mmegundua jeni ya kisukari kumbe mmegundua jeni ya chembe nyekundu. Kibadala cha seli mundu, rs334, nacho kinavuruga.

Msikimbilie glukosi, field 30740 (field ni namba ya kigezo kwenye Showcase), mkadhani ndiyo dawa. Washiriki hawakuambiwa waje wakiwa wamefunga. Saa tangu mtu ale au anywe mara ya mwisho ziko field 74, na wengi walikula saa chache tu kabla.

Tengenezeni ufafanuzi wa vyanzo vingi:

Field 130708 ni tarehe ya kwanza ya kodi E11 (kisukari aina ya pili) iliyounganishwa kutoka hospitali, daktari wa kawaida, vifo na mahojiano. 130709 inakwambia chanzo. Kumbukeni kumbukumbu za daktari wa kawaida zimekuwa zikipatikana kwa watu wapatao 230,000 tu, chini ya nusu. Mtu asiyelazwa, ambaye rekodi za daktari wake hazimo, anaweza kuishi na kisukari bila kuonekana humo.

Field 2443 ni jibu la "daktari amewahi kukuambia una kisukari?", 2976 umri alipogundulika, 2986 kama alianza insulini ndani ya mwaka wa kwanza (humsaidia mtu kuwatoa wa aina ya kwanza), na 4041 kisukari cha ujauzito pekee.

Dawa: insulini imo field 6177 kwa wanaume na 6153 kwa wanawake. Ukichukua moja umeacha jinsia nzima, na programu haitakuonya. Utaona safu zilizojaa nafasi tupu na kuzidhania "hapana".

Halafu idadi. Kati ya laki tano, waliojitaja kuwa Weusi kwenye field 21000 ni takriban 8,000 (kodi 4, 4001, 4002, 4003), wakiwemo wa Karibiani. Ukigawa tena kwa kisukari, nguvu ya kugundua vibadala vyenye athari ndogo haipo. Swali lenu liwe moja lililolengwa, kwa mfano jinsi G6PD na rs334 zinavyowaficha wagonjwa kwenye HbA1c. Hilo data inaweza kulijibu.

Sukari_Mtafiti

Hapo kwenye G6PD tumeshtuka kweli. Tumekubaliana kubadilisha swali kuelekea huko, na sampuli tumeziweka kando.

Tumeona data haipakuliwi, kazi yote ni kwenye jukwaa lao la RAP. Gharama zake zinakatwaje? Na kitu gani hasa huwakwamisha watu wapya?

Terminali_Nyeusi

RAP iko kwenye seva za Amazon (AWS) London, inaendeshwa na kampuni ya DNAnexus. Kwako ni kivinjari tu, kwa hiyo GB 16 zenu zinatosha na zinabaki. Data za mshiriki mmoja mmoja haziruhusiwi kutoka. Mnatoa jedwali la matokeo, michoro, takwimu za jumla.

Ada ya mradi haihusiani na gharama za jukwaa. Mnalipia saa za mashine na hifadhi ya mafaili mnayoyatengeneza. Data walizowapa wao hamzilipii hifadhi. Akaunti mpya huanza na salio dogo la bure, la kujifunzia. Kinachomaliza pesa ni JupyterLab (ukurasa wa kuandikia na kuendeshea kodi za uchambuzi) iliyoachwa wazi usiku kucha kwenye mashine kubwa. Weka muda wa kikao kuwa mfupi, uongeze ukihitaji. Weka na kikomo cha matumizi kwenye mradi. Kazi ndefu zipeleke kwa kipaumbele cha chini, ni nafuu zaidi, ila zinaweza kukatwa katikati. Kwa hiyo gawa kwa kromosomu, kazi 23 ndogo badala ya moja kubwa.

Yanayokwamisha:

Faili ulilohifadhi ndani ya JupyterLab linakaa kwenye mashine ya muda. Kikao kikiisha limekwenda. Lipeleke kwenye hifadhi ya mradi kwa amri ya `dx upload` kabla ya kufunga, kila mara.

Folda zina nafasi kwenye majina, mfano `/Bulk/Genotype Results/Genotype calls/`. Usipoweka alama za kunukuu amri inakatika kwenye nafasi ya kwanza na kosa linalotokea linasema faili halipo.

Vigezo vinaitwa p31 (jinsia), p21022 (umri wakati wa kusajiliwa), p30750_i0 (HbA1c), p74_i0 (saa tangu kula). Hiyo _i0 ni ziara ya kwanza ya 2006 hadi 2010. _i2 ni ya picha za mwili, kuanzia 2014. Ukichanganya ziara unamlinganisha mtu wa miaka 50 na nafsi yake ya miaka 60. Ukitoa jedwali kwa zana yao ya Table Exporter, chagua kodi ghafi ili uone -1 (sijui) na -3 (sipendi kujibu), kisha uzigeuze kuwa nafasi tupu mwenyewe. Zikibaki kama namba zitaingia kwenye wastani.

Kodi za hospitali: p41270 inakuja kama orodha ndani ya safu moja, tarehe zake ziko p41280_a0, p41280_a1 na kuendelea. Kodi ya kwanza kwenye orodha ni ya tarehe a0, ya pili a1. Ukipanga orodha upya kialfabeti, tarehe zote zimepotea njia, na hakuna kitakacholalamika.

La mwisho ni toleo la ramani ya jenomu, yaani 37 au 38. Data za chipu (22418) na zile za makadirio ya zamani (22828), yaani vibadala vilivyokisiwa kutokana na chipu, ziko GRCh37. Eksomu, mfuatano wa jenomu nzima na makadirio ya TOPMed (21007) ziko GRCh38. Kwenye swali lenu jipya hili linagusa moja kwa moja: rs334 iko kromosomu 11 nafasi ya 5248232 kwenye 37, na 5227002 kwenye 38. Ukitafuta nafasi ya 37 ndani ya faili la 38 hupati kitu, au mbaya zaidi, unapata kibadala kingine kabisa. Kwa watu wenye asili ya Afrika tumieni TOPMed au mfuatano wenyewe. Makadirio ya zamani yalijengwa zaidi juu ya Wazungu.

Na field 22006 msiitumie kama kichujio cha ubora. Inawachagua wenye asili ya Kizungu, itawafuta watu wenu wote. Chukueni 22019 na 22027 kwa ubora, 22021 kwa undugu, kisha mhesabu vijenzi vikuu (PCA, vinavyoonyesha asili ya watu) upya ndani ya kundi lenu, kwa sababu vile vya 22009 vimetawaliwa na tofauti kati ya mabara.

Karani_wa_Vibali

Nyongeza fupi. Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, na UK Biobank hutuma orodha ya waliojitoa. Muondoe namba hizo kwenye kila faili mlilotengeneza kabla ya uchambuzi unaofuata. Namba za washiriki ni za mradi wenu peke yake; mtu yule yule kwa mradi wa jirani ana namba nyingine, kwa hiyo msiombe "jedwali lililosafishwa" kutoka kwa rafiki wa chuo kingine. Halitaungana, na ni kuvunja mkataba kwenu wote wawili.

Ziwa_Viktoria

Mbona mnakwenda Uingereza kutafuta Weusi 8,000, na Waafrika wapo hapa jirani?

Mradi wa AWI-Gen una watu wapatao 12,000 wa umri wa miaka 40 hadi 60 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wa Kenya ni wa Korogocho na Viwandani, Nairobi. Na damu yao ilitolewa wakiwa wamefunga, lile tatizo la field 74 halipo. Uganda kuna jenomu za watu wa Kyamulibwa, takriban 6,400, na karibu 2,000 kati yao wamesomwa jenomu nzima.

Data za H3Africa, mpango wa utafiti wa vinasaba Afrika ambao AWI-Gen ni sehemu yake, ziko kwenye hifadhi ya EGA huko Ulaya, na maombi hupitia kamati yao ya data na sampuli. Huku mnapakua: mafaili yamefungwa kwa usimbaji, mnatumia programu ya pyEGA3, ambayo ikikatika inaendelea ilipoishia. Kwa intaneti ya chuo hiyo ni neema. Kabla ya kuomba someni masharti ya ridhaa ya kila seti. Washiriki wa mradi mmoja walikubali utafiti wa aina yoyote, wa mradi mwingine walikubali ugonjwa mmoja tu, na kamati haina uwezo wa kuipanua ridhaa ya mtu.

Nasaba

Nakubali, ila wasizimwage kwenye chungu kimoja. Chipu tofauti, maabara tofauti, waliofunga na wasiofunga. Ukiunganisha ghafi, tofauti kubwa kuliko zote itakuwa ni mradi gani mtu alitoka. Chambueni kila seti peke yake, kisha unganisheni matokeo. Na rs334 ndani ya Waganda haina marudio sawa na ndani ya Wakaribiani wa Uingereza, hivyo athari zilinganishwe kwa kila kibadala, msilinganishe wastani wa makundi.

Kwa G6PD, chambueni wanaume na wanawake mbalimbali. Mwanamume ana nakala moja ya X. Programu ikisoma 0 na 2 kwa wanaume na 0, 1, 2 kwa wanawake, hakikisheni mnajua imechagua hivyo.

Sukari_Mtafiti

Asanteni sana. Mwenzetu hajakata tamaa ya sampuli: anauliza, zile za H3Africa zilizohifadhiwa Makerere, Kampala, je?

Friza_80

Hapo angalau kuna njia. Hifadhi ya H3Africa ya Makerere ni mojawapo ya tatu za mradi ule, nyingine zikiwa Afrika Kusini na Nigeria. Mnapita kamati ile ile aliyoitaja Ziwa_Viktoria. Kwa upande wa Uganda sampuli haivuki mpaka bila MTA na idhini ya UNCST, baraza la sayansi la huko. Kwa upande wetu mnahitaji kibali cha maadili cha taifa kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na mkataba wa sampuli upite huko pia. Mkiwa Zanzibar, kamati ni ya huko Zanzibar. Msipange siku ya usafiri kabla karatasi zote hazijasainiwa, maana boksi likikwama forodhani barafu haisubiri mhuri.

Kabla ya kukubali vichupo, ombeni maelezo haya kwa kila sampuli: aina ya mrija, saa kati ya kutoa damu na kuizungusha, saa hadi kugandishwa, na imeyeyushwa mara ngapi. Mrija wa heparini kwa PCR ni taabu, heparini inazuia kimeng'enya. Seramu yenye rangi nyekundu ina chembe zilizopasuka, potasiamu na LDH zake msiziamini. DNA ipimwe kwa mashine ya Qubit. Mashine ya NanoDrop inahesabu na RNA na mabaki mengine, unaambiwa una nanogramu 80 kwa mikrolita kumbe una 30.

Kufungasha ni kwa alama ya UN3373 (sampuli za kibiolojia) na maelekezo ya kimataifa ya P650: kichupo kisichovuja, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya kikitosha kunyonya vyote, na boksi gumu la nje. Barafu kavu inawekwa lebo ya UN1845 na uzito wake kwa kilo, na boksi lisizibwe kabisa, kwa sababu gesi ikikosa pa kutokea litapasuka. Barafu hupungua kilo 2 hadi 5 kwa siku kutegemea unene wa boksi. Safari ya siku moja wekeni ya siku tatu. Itumwe Jumatatu au Jumanne, isifike Ijumaa mchana. Kirekodi joto kiwekwe katikati ya vichupo, kisigusane na barafu, la sivyo kitasoma baridi ya barafu wakati vichupo vya pembeni vinayeyuka. Na mwambieni mwenzenu akague friza ya kupokelea kabla hajaomba: ina jenereta, ina kengele inayompigia mtu simu usiku, na kuna friza ya akiba yenye nafasi tupu?